Kunyamaza kwa Muuzaji wa Gari: Je, ni Udanganyifu?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyefanya biashara kabla ya kupewa utume na watu wa Makka wakamwita al-Amin. Amma baad.

Likizo inapofika, ndugu zetu kadhaa hapa chuoni hugeuka madalali. Hupeleka wateja kwenye bondi, yaani zile yadi ambamo magari yaliyotumika kutoka Japan hukaa kabla ya kulipiwa ushuru, na gari likinunuliwa nao hupata chochote. Hakuna ubaya katika hilo. Ujira wa dalali ni halali kwa wanazuoni walio wengi. Lakini katika darsa zetu za baada ya Maghrib kuna swali ambalo limerudi zaidi ya mara moja. Ikiwa najua kwamba gari hili liliwahi kugongwa likanyooshwa, au kwamba mileji zake zimerudishwa nyuma, na mteja hakuniuliza, je, nimedanganya? Sikusema uongo hata neno moja. Nimenyamaza tu.

Swali hili si dogo. Kwa familia nyingi hapa Uganda, ukiondoa kiwanja na nyumba, gari ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote watakavyonunua maishani. Anayekuja kutafuta Noah, Wish au Premio ni mwalimu, ni muuguzi, ni mzee aliyeuza ng'ombe ili watoto wafike shule na mama afike kliniki. Hajui injini. Anachoweza kusoma ni vitu vitatu: rangi inavyong'aa, mwaka wa kutengenezwa, na namba ya kilomita kwenye dashibodi. Tangu sheria ya 2018, gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa nchini. Wenzetu wa Kenya mpaka wao ni miaka 8. Ndiyo maana meli moja ikitia nanga Mombasa, magari machanga hubaki Kenya, na yaliyo na miaka 10, 12 au 14 huendelea na safari kuja Malaba kwetu. Gari la umri huo linaweza kuwa zima kabisa, na linaweza kuwa limechoka kabisa. Tofauti iko katika lilivyotumika, na mnunuzi hakuliona likitumika.

Yupo aliyeliona. Magari mengi ya aina hii hupita kwenye minada ya Japan, na kabla ya mnada mkaguzi hulizunguka gari akajaza karatasi: daraja lake, kilomita zake, mchoro wa bodi wenye alama za kila mkwaruzo na kila mbonyeo. Gari lililopata ajali kubwa likatengenezwa hupewa herufi R badala ya namba ya daraja. Karatasi hiyo huenda na namba ya chesisi. Kwa hiyo ukweli wa gari ulijulikana na ukaandikwa siku ya kwanza kabisa. Linapofika yadini kwetu, karatasi mara nyingi haionekani, na mara nyingine namba ya dashibodi si ile iliyoandikwa kule. Muuzaji ukimbana atakwambia: mimi sikugusa kitu, nimelipokea hivi hivi.

Tuanze na kauli hiyo, kwa sababu hadithi maarufu kuliko zote katika mlango huu inaijibu, nasi hupita juu yake haraka. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye chakula, akajibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika wao.

Tunalishika neno la mwisho, tukaisahau mvua. Mvua haikuwa kosa la yule bwana. Hakumwaga maji ili chakula kizidi uzito. Kasoro ilimshukia kutoka mbinguni, kama inavyomshukia mwenye yadi kutoka kwenye meli. Wala Mtume (s.a.w.) hakumuuliza kwa nini chakula kimelowa, alimuuliza kwa nini kilicholowa kiko chini na kikavu kiko juu. Basi kauli ya kwamba "sikuirudisha mimi mileji" inajibu swali ambalo hukuulizwa. Swali ni kama ulijua, na kama ulijua, ni kipi ulichokiweka juu.

Kauli ya pili ni hiyo ya kunyamaza. Hapa nampeleka msomaji kwa mnyama anayeitwa katika fiqhi musarrah. Ni kondoo au ngamia ambaye mwenyewe huacha kumkamua siku mbili tatu kabla ya kumpeleka sokoni, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kwamba huyu ni wa maziwa mengi. Bukhari na Muslim wote wamepokea katazo lake: aliyenunua ana hiari baada ya kumkamua, akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa. Imam Abu Hanifa alitofautiana na wengine kuhusu kumrudisha, lakini hawakutofautiana kuhusu dhambi. Tazama kwamba muuzaji hakutamka neno. Kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Dashibodi nayo ni kiwele. Ikiandika kilomita 68,000 kwenye gari lililotembea 180,000, imesema, na aliyeiacha iseme akijua hawezi kuhesabiwa kuwa amenyamaza. Wala tusisahau kwamba ile ni ala ya kupimia. Sura nzima ya Qur'ani imeanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na sioni kwa nini kipimo cha ngano kiingie humo na kipimo cha mwendo kibaki nje.

Kauli ya tatu imeandikwa kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi, mnunuzi amekagua na kuridhika. Sharti la namna hii wanazuoni wanalijua tangu zamani, wanaliita kuuza kwa baraa, yaani muuzaji kujivua na kasoro zote. Katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.), aliyemuuza kijana mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo. (Vitabu vya fiqhi vimejaa mifano ya watumwa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa masoko ya zama zile, tuchukue hukumu.) Mnunuzi akadai kuwa kijana ana maradhi ambayo hakutajiwa. Kesi ikafika kwa Uthman bin Affan (r.a.), naye akahukumu kwamba Ibn Umar ale kiapo kuwa alipouza hakuwa na habari ya maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua kijana wake. Baadaye kijana akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Uthman hakuuliza ni nini kilichoandikwa katika mapatano. Aliuliza kilichokuwa moyoni mwa muuzaji siku ile.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, sharti la baraa lina nafasi finyu zaidi: linamvua muuzaji na kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Mnyama peke yake, kwa sababu mnyama anakula na kutembea huku ugonjwa umejificha ndani. Wahanafi ni wapana zaidi, wanalikubali sharti hilo kwa kasoro zote. Mimi naona gari lililotumika linafanana na mnyama kuliko linavyofanana na nguo. Lile Noah la zamani lenye injini ya D4 laweza kuwaka vizuri yadini asubuhi na kukusumbua kuanzia wiki ya pili, na muuzaji mwaminifu kabisa asiwe na habari. Huyo astahiki kuvuliwa lawama. Lakini mwenye karatasi ya mnada kwenye droo hafanani naye hata kidogo, ingawa risiti zao zimechapwa na mtambo mmoja.

Hadi hapa sidhani kama kuna msomaji anayebishana nami. Hoja inayonisumbua ni nyingine, na nimeisikia kwa watu wanaoswali safu ya mbele. Wanasema: bwana, mileji za bondi kila mtu anajua. Hakuna anayeziamini. Namba ile siku hizi ni pambo tu, na jambo lisiloaminiwa na yeyote haliwezi kumdanganya yeyote. Tena wanakuja na kanuni ya fiqhi, kwamba linalojulikana kwa desturi ni kama lililoshurutishwa.

Nimeipa hoja hii muda. Kama ingekuwa kweli kwamba hakuna anayeamini, kazi ya kurudisha mileji ingekufa yenyewe. Fundi anayeifanya hulipwa, na mfanyabiashara hatoi hata shilingi kwa kazi isiyompa faida. Namba ingekuwa pambo, wangeiacha ilivyo. Maadamu inalipiwa, yuko mtu mahali fulani anayeiamini. Ni nani? Mwenye yadi haiamini. Mwenye yadi ya jirani haiamini, wala fundi, wala wewe dalali. Anayeiamini ni yule anayenunua gari mara moja katika miaka kumi au ishirini. Hiyo "kila mtu" imewajumuisha wote waliomo sokoni isipokuwa mnunuzi, naye ndiye pekee ambaye kujua kwake kungekuwa na maana. Desturi inayojulikana na upande mmoja tu wa mkataba haiwezi kuwa sharti juu ya upande wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo hoja hiyo inalifunika. Baadhi ya namba ndogo ni za kweli! Japan watu wengi huenda kazini kwa treni, na gari hukaa nyumbani. Tena kuna ukaguzi wa lazima wa serikali, wa kwanza gari jipya likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake huwafanya wengi waliuze gari likiwa bado zima. Kwa hiyo gari la miaka 12 lenye kilomita 70,000 si muujiza. Mwenye gari kama hilo hapa kwetu yuko katika hali gani? Anasema kweli na haaminiwi, kwa kuwa jirani yake anasema uongo kwa namba ile ile. Akitaka bei inayolingana na uzima wa gari lake, mteja anamcheka.

Wenzetu wanaosoma uchumi watakuwa wameshalitambua jambo hili. Mwaka 1970 George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akiyaita mabovu "malimau" kama Wamarekani wanavyoyaita mitaani. Hoja yake kwa ufupi: muuzaji anajua gari ni zima au bovu, mnunuzi hajui, basi mnunuzi hutoa bei ya katikati, bei ya katikati inamfaa mwenye bovu na inamuumiza mwenye zima, mwenye zima anaondoka sokoni, wanaobaki wana mabovu zaidi, na bei inashuka tena. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Sisemi kwamba hadithi zinahitaji muhuri wa mwanauchumi. Lakini hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) katika Bukhari na Muslim inasema kuwa wawili wanaouziana wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka ya biashara yao hufutwa. Siku zote nilidhani baraka hapa ni ya mfukoni mwa mtu mmoja mmoja. Nikiangalia yadi zetu naona inaweza kuwa hata ya soko zima: mahali ambapo hata msema kweli hanufaiki na ukweli wake.

Sasa tugeuke upande wa mnunuzi, maana sisi tunaonunua tumezoea kukaa kwenye kiti cha mlalamikaji. Chukulia mwenye yadi mmoja ameamua kumcha Allah. Ameliweka gari lenye kilomita 184,000, namba haikuguswa, karatasi ya mnada imebandikwa kwenye kioo. Pembeni yake liko la mwaka ule ule, rangi ile ile, lenye 79,000 na bila karatasi yoyote, kwa bei karibu sawa. Baba zetu watanunua lipi? Tunajua. Tena watatoka wakisema yule wa kwanza anauza vyuma chakavu. Tunataka gari la mwaka wa karibuni, la kilomita chache na bei ya chini, vyote kwa pamoja, na tukishaahidi kumpa pesa zetu yeyote atakayetuambia kuwa vyote vitatu vinapatikana, hatukosi wa kutuambia. Hili halimpunguzii muuzaji dhambi yake. Ila mnunuzi aliyemkimbia msema kweli kwa sababu ya ukweli wake ana fungu lake katika kuharibika kwa soko.

Na uaminifu hauendi upande mmoja. Jarir bin Abdullah (r.a.) alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Imam Nawawi, anaposherehesha habari hiyo, anasimulia kwamba farasi alinunuliwa kwa ajili ya Jarir kwa dirhamu 300. Alipomwona akamwambia mwenyewe: farasi wako ni bora kuliko hivyo, utauza kwa 400? Akaendelea kupandisha hadi wakafika 800. Nikilisimulia hili kwa wenzangu hucheka, na kicheko chao chanieleza mengi kuhusu tulipofika.

Wapo watakaoniambia kwamba hadithi nyingine za mlango huu zinataja "ndugu Muislamu", na wateja wengi wa hapa Uganda si Waislamu. Nalipita haraka kwa sababu halina uzito: wanazuoni wameeleza kwamba tamko hilo limetajwa kwa mazoea ya hali ilivyokuwa, na ghushi ni haramu kwa yeyote. Tena Mkristo atakayeuziwa gari la R na kijana mwenye kofia hatakwenda kulalamika kuhusu bondi. Ataulalamikia Uislamu.

Narudi kwa dalali, ambaye swali lake ndilo lililotuleta hapa. Atasema: mimi si muuzaji wala si mnunuzi, nimesimama katikati. Imam Ghazali katika Ihya amesimulia kisa cha Wathila bin al-Asqa' (r.a.), ambaye naye alikuwa amesimama tu. Mtu aliuza ngamia jike kwa dirhamu 300, Wathila akawa ameghafilika hadi mnunuzi akaondoka naye. Akamkimbilia akimwita, akamuuliza: umemnunua kwa ajili ya nyama au ya kupanda? Akasema wa kupanda. Wathila akamwambia kwamba ameona tundu katika ukwato wake, hatahimili mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, huku akimlaumu Wathila kuwa amemharibia biashara. Wathila akamjibu kwa ile ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu, na kwa hadithi kwamba si halali kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, wala si halali kwa anayekijua kukinyamazia.

Nalipenda swali lake. Hakuanza kwa kusema ngamia ni mbovu. Kwa anayetaka nyama, tundu la ukwato si kitu. Kasoro ilikuwa kasoro kwa sababu ya safari iliyokusudiwa. Dalali anayejua kwamba mteja atalitumia gari kupeleka watoto Kabale na milima yake, na anajua breki na giaboksi ya gari lile zikoje, hana katikati ya kusimama. Fundi ndiyo usiseme: ameletwa na mnunuzi kwa ajili ya kusema, na akipokea bahasha ya mwenye yadi ili aseme nusu, amekula mara mbili kwa ulimi mmoja. Kwa Kiarabu kasoro ya bidhaa huitwa ayb, na kutoka huko tumepata neno aibu. Napenda safari ya neno hilo: sokoni kwao lilikaa kwenye mali, kwetu likahamia usoni mwa mtu.

Lililobaki ni gumu kidogo. Kuna muuzaji ambaye hajui kwa sababu hataki kujua. Haiombi karatasi ya mnada, hamuulizi aliyemuuzia, ili siku akiulizwa aweze kuapa kwa Allah kuwa hana habari. Kwa herufi ya hukumu ya Uthman huyu anaweza kuapa na akawa hakusema uongo. Lakini Ibn Umar, ambaye hatuna dalili yoyote kwamba alijua, aliogopa kuapa. Rai yangu ni kwamba anayeifumba macho njia ya kujua, ilhali iko wazi na wenzake wanaitumia, akae katika fungu la aliyejua. Masheikh wetu wanaweza kunirekebisha, na kurasa za gazeti hili ziko wazi kwao.

Na kwa anayemsindikiza mzazi wake bondi likizo hii: karatasi ya mnada inaweza kuombwa upya Japan kwa namba ya chesisi hata kama yadi imeipoteza. Tazama pedali na usukani, vimelika kiasi gani ukilinganisha na namba ya dashibodi. Nenda na fundi uliyemlipa wewe. Kisha mwombe muuzaji aandike ndani ya mkataba kwamba kilomita za gari ni kadhaa, au aandike kuwa hana uhakika nazo. Sifa iliyoshurutishwa katika mkataba ikikosekana, fiqhi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha, na kwa madhehebu yetu asicheleweshe siku akigundua. Akikubali kuandika mojawapo, kaeni mzungumze bei.